Siku Moja ya Kumtoa Mzazi Mwanza: Saanane au Bujora?

Mzazi wako amekuja mjini kukusalimu, au mnaishi naye hapo Igoma, Nyakato au Bwiru, na wewe umepata siku moja ya kumtoa nyumbani. Siku moja tu, asubuhi hadi jioni, bila kulala nje. Ukiuliza watu wa Mwanza watakutajia sehemu mbili kabla ya nyingine zote: kisiwa cha Saanane, au Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Zote mbili ni nzuri na zote mbili nimekwenda na wazazi wangu. Lakini haziwafai wazazi wote sawasawa. Wengi huchagua kwa kuangalia picha za kwenye simu, halafu mzee anashinda kivulini peke yake akiwasubiri vijana wamalize kupanda mawe.

Niseme mapema ninakoegemea. Kama mzazi wako ni Msukuma au amekulia Usukumani, umri umesogea na magoti yameanza kusumbua, mpeleke Bujora wala usijiulize mara mbili. Kama bado ana miguu, anapenda wanyama na upepo wa ziwa, na hana wasiwasi na maji, Saanane itamfurahisha zaidi. Hapo katikati ndipo penye kazi.

Anza na maji

Saanane kunafikiwa kwa boti tu. Ofisi ya hifadhi na gati viko Capri Point, ndani ya mji kabisa, na kuvuka ni dakika kumi, kumi na tano hivi. Kwa kijana hiyo si safari. Kwa mama wa miaka sabini, sehemu ngumu si hizo dakika kumi, ni ile hatua moja ya kutoka gatini kuingia kwenye boti. Boti inapanda na kushuka na mawimbi, na mtu anatakiwa asubiri iwe juu ndipo atie mguu. Mama yangu alisimama pale, kitenge kimembana magotini, mguu mmoja mbele, hawezi kwenda wala kurudi, mpaka mhudumu mmoja alipotangulia ndani akampa mikono yote miwili. Kwa hiyo mzazi avae gauni pana au suruali, na viatu vinavyoshika kisigino. Kandambili ziacheni nyumbani. Jaketi okozi avae akiwa bado nchi kavu, maana kulivaa huku boti inayumba ni tabu nyingine.

Nendeni asubuhi. Ziwa huwa limetulia zaidi saa za mapema. Mchana upepo unaanza kuvuma na boti ndogo inacheza.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hatulipi uzito wake. Watu wazima wa Kanda ya Ziwa hawajaisahau MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 meli ile ilizama ikiwa imebakiza kidogo kufika Mwanza, wakafa mamia ya watu. Ni nadra kukuta ukoo hapa ambao haukumjua mtu aliyekuwamo. Halafu tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Mzazi anaweza kukaa miaka mingi bila kupanda chombo chochote cha majini na asikuambie sababu. Muulize kabla ya siku yenyewe, mkiwa wawili, si mbele ya wajukuu waliokwisha kuvaa viatu tayari kwa safari, kwa sababu mbele yao atakubali tu asiwavunje moyo. Akisita, usimshawishi. Bujora ipo.

Na hata ya Bujora ina lake. Barabara ya Kisesa inapita Igoma, na Igoma ndiko yaliko makaburi ya wale waliozikwa pamoja baada ya ajali ya MV Bukoba. Tulipopita, baba alivua kofia akaishika mapajani. Mzazi wako akitaka kusimama pale kidogo, simameni. Siku ni yake.

Magoti

Hapa Bujora inashinda. Makumbusho yapo kwenye kilima kidogo upande wa ndani kutoka barabara kuu ya Musoma. Daladala inakushusha Kisesa, na kile kipande cha kupanda mtachukua bajaji au bodaboda, au kama mna gari mnafika mpaka uani. Ukishaingia, nyumba za maonyesho zimekaribiana. Mzee anatazama moja, anakaa, anapumzika, anaendelea na nyingine. Njia ni ya vumbi na mawe machache, lakini mwenye fimbo anaipita.

Saanane ni mawe. Haya mawe makubwa ya itale ambayo yamejaa Mwanza nzima, kule kisiwani yamerundikana zaidi, na sehemu zenye mandhari nzuri ziko juu yake. Chini kuna njia tambarare na vivuli vya miti, na mzazi anaweza kuifurahia siku bila kupanda popote. Ila mjue tangu mwanzo kwamba hatapanda, mkubaliane nani anabaki naye. Kumwacha mzazi peke yake na mkoba wa chakula huku tumbili wanamzunguka si ukarimu. Tumbili wa pale wamezoea watu na wanajua mifuko ya plastiki ina nini.

Kwa mwenye shinikizo la damu, kisukari au moyo, fikirieni pia namna ya kurudi haraka. Kutoka Kisesa hadi hospitali ya Bugando ni barabara moja kwa moja, ingawa foleni ya Buzuruga inaweza kuchosha. Kutoka Saanane ni karibu zaidi kwa umbali, lakini lazima boti iwepo kwanza. Dawa za mchana ziwe mkobani, zisibaki kwenye gari lililoegeshwa Capri Point.

Kuna nini cha kuona

Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na ndiyo ndogo kuliko zote nchini: kilometa za mraba 2.18 tu, ukihesabu kisiwa, visiwa vidogo vya jirani na maji yanayovizunguka. Kabla ya hapo, mwaka 1964, serikali iliifanya bustani ya wanyama, ya kwanza Tanzania, na mwaka 1991 ikawa pori la akiba. Jina limetokana na Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi pale kwa uvuvi na kilimo kabla kisiwa hakijachukuliwa. Mwambie mzazi wako habari hizo mkiwa kwenye boti. Aliyesoma shule Mwanza miaka ya 1960 au 1970 huenda alishapelekwa kule na walimu wake, na utashangaa anavyoanza kukueleza wanyama waliokuwapo enzi zile.

Leo utaona swala pala wakilisha karibu na njia bila hofu, pimbi wanaoota jua, tumbili, kenge, kobe, na ndege wengi wa majini. Mamba wapo ziwani, kwa hiyo usimruhusu mtu asogee kwenye maji kwa mazoea ya kijijini. Sababu ya pili ya kutotia miguu majini ni kichocho, ambacho kipo sana kwenye fukwe hizi. Na msikimbie bila kuwatazama mijusi wa kwenye mawe. Dume ana kichwa na mabega mekundu ya kuwaka, sehemu iliyobaki bluu iliyokolea, anapiga pushapu juu ya jiwe kutisha wenzake. Wanasayansi wanamwita Agama mwanzae, kwa jina la mji wetu. Baba yangu, ambaye amewaona maisha yake yote pembeni ya nyumba, alikaa akamwangalia mmoja muda mrefu kuliko alivyowaangalia swala.

Bujora hakuna mnyama. Kuna maisha ya watu. Makumbusho yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika miaka ya 1950, akajifunza Kisukuma, akajiingiza kwenye vikundi vya ngoma, na kukusanya vitu ambavyo wakati ule wengi waliona vinapaswa kusahaulika. Kuna jengo la watemi, yaani machifu wa Kisukuma, lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake ngoma za kitemi, mikuki na mavazi ya utawala. Kuna nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, boma la Kisukuma la nyasi na vyombo vyake vyote, na jengo la vikundi vya ngoma linaloeleza habari za Bagika na Bagalu, zile pande mbili zinazoshindana hadi leo: wanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Kanisa la pale nalo limejengwa kwa kufuata nyumba ya Kisukuma.

Ngoma zenyewe, bugobogobo na majembe yake yanayorushwa hewani, au bayeye na chatu wao, hazichezwi kila siku. Hupangwa kwa kuagiza, na kwa wingi wakati wa Bulabo, sikukuu inayofanyika karibu na sherehe ya Kikatoliki ya Ekaristi Takatifu, mwezi wa sita mara nyingi, watu wakiwa wameshavuna. Mzazi anayependa ngoma atafurahi sana Bulabo, lakini mjiandae kwa msongamano, jua na vumbi. Mwenye kuchoka haraka aende siku ya kawaida, na mpige simu kwanza kuhakikisha mtembezaji wageni yupo.

Nani anamwonyesha mwenzake

Hili kwangu ndilo linaloamua, kuliko yote yaliyotangulia.

Saanane wewe ndiye mwenyeji. Wewe umelipa, wewe unajua boti inarudi saa ngapi, wewe unamshika mkono mzazi kwenye mawe, na askari wa hifadhi anawaeleza wote wawili kitu ambacho hamkijui. Mzazi anapokea. Kuna wazazi ambao wanastahili hasa siku ya namna hiyo: mama aliyepika na kufua maisha yake yote, ambaye hajawahi kukalishwa mahali akaambiwa leo usifanye chochote. Mkalishe chini ya mti, ziwa mbele yake, mpe soda baridi, na umwache aulize maswali apendavyo.

Bujora mambo yanageuka. Mtembezaji alianza kutueleza jiwe la kusagia mtama. Mama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akamwambia, "Mwanangu, hivyo utaumia mgongo." Akapiga magoti, akaomba ruhusa ya kuligusa, akaonyesha namna ya kuegemeza uzito kwenye mikono na kuisogeza nafaka kwa kiganja cha kushoto bila kusimamisha mkono wa kulia. Kijana yule akaacha kueleza, akaanza kuuliza. Kuanzia hapo, nyumba zote zilizobaki mama ndiye aliyekuwa akieleza: kibuyu hiki ni cha kutikisia maziwa, kile ni cha mbegu, kijiti hiki sisi kwetu tulikikata kwa mti mwingine. Akataja watu ambao sikuwahi kuwasikia, akaeleza walivyogawana kazi msimu wa pamba na jinsi babu alivyopeleka marobota kwenye ghala la chama cha ushirika. Nimezaliwa na kulelewa na mwanamke huyo, na mengi ya siku ile nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Baba, ambaye si mwongeaji, alifunguka kwenye jengo la watemi. Alikuwa mtoto wakati serikali ya Tanganyika ilipoondoa utawala wa machifu mwaka 1963, na alikuwa na kumbukumbu za namna wazee wa kijijini walivyolipokea jambo lile. Nyumbani hajawahi kuliongelea. Ilihitaji ile ngoma kubwa iliyokaa mbele yake ndipo liende likatoke.

Kwa hiyo ukienda Bujora nenda na watoto wako, na washa kinasa sauti cha simu, kwa idhini ya mzazi. Mpe mtembezaji taarifa mwanzoni kabisa kwamba mzee huyu anayajua haya, asije akakimbiza maelezo.

Je, kama mzazi si Msukuma? Mhaya, Mkerewe, Mjita au Mkurya atakuta vitu vingi anavyovijua kwa jina jingine, na mabishano ya "kwetu hivi, kwenu vile" ni raha yake peke yake. Lakini mzazi aliyekulia mjini, au aliyetoka mbali kabisa na huku, anaweza kumaliza Bujora kwa saa moja na kuanza kuangalia saa. Huyo mpeleke kisiwani.

Na wapo wazazi walokole au wenye msimamo mkali wa dini ambao nyumba ya mganga itawakwaza. Waambie mapema kwamba makumbusho yako kwenye eneo la kanisa na kwamba vile ni vitu vya historia. Wasipotaka kuingia nyumba hiyo, wanairuka tu.

Chakula, kivuli na choo

Kwa kisiwani bebeni kila kitu: maji ya kutosha, chakula, mkeka au viti vyepesi. Wali na kuku wa kukaanga vinavumilia. Samaki wa mchuzi hapana. Kule Kisesa kuna mama lishe wa kutosha barabarani, na sato na ugali utapata bila shida. Mimi ningebeba pia michembe au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Mzazi akitafuna michembe kwenye boma la nyasi hutahitaji kumwuliza swali lolote, atasimulia mwenyewe.

Choo kiulizeni mkishafika tu, kabla hakijahitajika. Wazazi wengi huona haya kusema, na wapo wanaoacha kunywa maji kutwa nzima kwa hofu hiyo. Kwenye jua la Mwanza hilo ni hatari.

Pesa

Bujora ni nafuu zaidi kwa jumla: nauli ya daladala, kiingilio, na kitu kidogo cha mtembezaji. Saanane mnalipa kiingilio cha hifadhi pamoja na boti, na malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, kwa hiyo simu iwe na salio kabla hamjafika gatini. Mtanzania hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa nje. Bebeni vitambulisho vya taifa, pamoja na cha mzee ambacho mara nyingi kimefungiwa kabatini.

Asiyetaka kisiwa wala makumbusho

Ukerewe siishauri kwa siku moja. Ni kisiwa kizuri sana, lakini meli ya Nansio inachukua saa tatu na zaidi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Mzazi atashinda amekaa kwenye kiti cha meli. Ukerewe mpeleke mkiwa na usiku mmoja au miwili ya kulala.

Kilichopo sasa, ambacho miaka michache iliyopita hakikuwapo, ni Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Lilifunguliwa Juni 19, 2025, lina urefu wa kilometa 3, na linavuka ghuba ileile ambayo wazazi wetu walikuwa wakiingojea feri kwa saa nyingi wakienda Sengerema au Geita. Kwa mzazi asiyeweza kutembea kabisa, au aliyetoka hospitali juzi, hii ndiyo safari yake: anakaa kiti cha mbele, mnapita Nyegezi, Usagara, mnavuka, mnakula mchana Sengerema, mnarudi. Msisimame juu ya daraja. Tafuteni mahali salama upande wa Busisi, mfungue vioo. Kama aliwahi kulala pale na mizigo akisubiri kivuko cha asubuhi, muombe akuonyeshe alilala wapi, na dereva apunguze mwendo.